Doti Moja, Miili Miwili

"Sikudhani, nyosha mguu! Mguu ni wako, unauonea haya ya nini?"

Ndivyo asubuhi zilivyoanza kwa Nyamizi Kasubi, na asiyezipenda alijua mlango ulipo. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mdomo wake haujui kitasa. Alipita katikati ya mikeka akibonyeza bega la huyu na kuinua kidevu cha yule, na kila alipokaribia, mtu alijikuta amenyooka kabla hajaambiwa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya soko, hapo Tabora, jengo la udongo ulioshindiliwa lenye paa linalokunywa jua na kutoa umeme. Kila siku isipokuwa Ijumaa walikuja wajawazito, wengi wao wenye presha. Hapakuwa na kuruka wala kukimbia. Walikaa kitako, wakatanua miguu na kufuata vidole kwa mikono. Walisukuma ukuta mpaka misuli ya nyuma ya miguu ikavutika. Walipiga magoti, viganja chini, wakakunja mgongo kama paka anayeamka. Yote polepole, pumzi ikitoka na kuingia. "Ukibana pumzi umeiwekea presha ngazi," Nyamizi aliwaambia, "na presha haihitaji kualikwa mara mbili."

Kila mwenye presha alivaa doti yake. Kwa macho ilikuwa kanga kama kanga nyingine: pindo, mji, na jina lililoandikwa chini ya mji. Lakini nyuzi zake zilisoma. Kipande kimoja kilifungwa kiunoni na cha pili begani, vyote viwili vikasikiliza damu inavyopita na moyo wa mtoto unavyodunda, vikampelekea Somo. Naye Somo hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya wakunga, iliyopewa sauti ya mama wa makamo wa Kinyamwezi, na wanawake wakaiita kwa jina la yule anayewafunda wari. Somo akiona damu inapanda kidogo, kanga ilibana taratibu mahali panapotakiwa kunyooshwa, na lile jina likajiandika upya: LEGEZA BEGA. PUMUA. UKO SALAMA. Akiona hatari, pindo liligeuka jeupe pe, na ndege ya wagonjwa ikaitwa kabla mtu hajamaliza kusema "Yallah!"

Tangu doti zije, ukumbi ule haukuwa umezika mama hata mmoja. Nyamizi alimwamini Somo kama alivyoiamini mizani ya sokoni, kwa sababu mizani haina shangazi mle sokoni wa kumpendelea.

"Mama Nyamizi!" Mashavu aliita kutoka mkeka wa mbele. "Mimi nimebeba wawili, unaninyooshaje kama hawa wenye mmoja? Nipunguzie!"

Ukumbi ukacheka. Mashavu ndiye aliyekuwa chumvi ya darasa. Somo alipotangaza kwamba kanga yake inasikia mioyo miwili, mtaa mzima ulimletea zawadi mbilimbili, na yeye akazipokea kwa mikono miwili.

"Wawili ndio wanaotaka kunyooshwa zaidi," Nyamizi akamjibu. "Haya, gusa kidole cha mguu."

Mashavu akainama, akanyoosha mkono, akagusa mkeka. Akacheka, akajaribu tena. Akagusa mkeka tena, kando kabisa ya mguu.

Nyamizi akasogea. Uso wa Mashavu ulikuwa umeumuka kama andazi, na kidole chake cha pete hakikuwa na pete. Kiunoni, kanga ilikuwa imeandika UKO SALAMA.

"Pete iko wapi?"

"Imenibana, nimeivua. Maji haya, Mama. Si unajua tena mambo ya mapacha?"

Nyamizi akachuchumaa, akambonyeza muundi kwa dole gumba. Alipoliondoa, shimo lilibaki palepale, halikujaa. "Kichwa je?"

"Kinagonga kidogo."

"Macho?"

Mashavu akataka kutania, utani ukamkataa. "Naona vimulimuli. Mchana kweupe, hebu fikiria! Nikadhani ni njaa."

Nyamizi hakungoja zaidi. Akainuka, akauelekea ukuta uliokuwa na kipaza sauti, maana Somo hakusikia maneno ya watu mpaka aitwe. "Somo, nisomee Mashavu."

"Presha ya Mashavu iko juu kidogo ya kawaida. Haina hatari. Anaweza kuendelea kunyoosha. Watoto wote wawili ni wazima."

"Haendelei," Nyamizi akasema.

Wanawake wakatazamana. Nani tena anayebishana na Somo? Lakini Nyamizi alikuwa ameshamshika Mashavu kwapani. "Kunyoosha ni kuziba ufa. Ukuta ukishaanza kuinama, hatuchezi nao. Sikudhani, shika darasa. Migongo tu, polepole, na nikisikia mtu amebana pumzi nitatoka na mwiko!"

*

Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda kimoja. Nyamizi akamlaza Mashavu ubavu wa kushoto kwanza, apumue, kisha akamgeuza kidogo na kuweka viganja tumboni. Mikono ile ilishika matumbo kabla Somo hajaundwa. Ilipapasa juu, ikapapasa pembeni, ikashuka chini. Kichwa kimoja. Mgongo mmoja. Makalio ya mtoto mmoja. Ikaanza upya, ikaishia palepale.

"Mashavu. Pacha wa pili yuko wapi?"

Mashavu akafumba macho. Pazia likasogezwa, akaingia Kalekwa.

Huyu alikuwa wifi yake Mashavu, mke wa kaka yake, mwali wa watu kutoka Mpanda aliyeolewa mjini mwaka uliopita. Alikuja kila asubuhi kumsindikiza wifi, akakaa nyuma kabisa na wale wasio na presha, tumbo lake ndani ya gauni pana. Msichana wa maneno machache. Nyamizi alimpenda kwa sababu moja tu: alinyoosha vizuri kuliko wote.

"Pacha wa pili ni huyu wangu," Kalekwa akasema, akapandisha gauni.

Kiunoni mwake palikuwa na kipande cha pili cha doti. UKO SALAMA, kilisema nacho. Nyamizi akaivuta ile iliyokuwa begani kwa Mashavu, akaisugua kwa vidole. Kanga ya dukani ya rangi ileile, pamba tupu, haisomi hata jina lake yenyewe.

"Mmegawana doti?"

"Ni doti, Mama," Mashavu akasema kitandani, kama mtu anayeulizwa kwa nini alimwaga maji baada ya kufulia. "Nilikata katikati, nikapinda, nikampa wifi yangu kimoja. Ulitaka nikae na vyote viwili kama mchawi?"

Jamani! Nyamizi alikaa kwenye kigoda. Walioibuni doti ile walikuwa mafundi wa mbali, watu wa hesabu, na hesabu yao ilikuwa safi. Walijua kwamba damu ya mjamzito haisomeki sawa juu na chini, basi wakamfundisha Somo asamehe tofauti ya vipande viwili, achukue katikati. Kitu kimoja tu hakikuwapitia kichwani. Hapakuwa na mwanamke Tabora nzima aliyewahi kupewa doti akakaa nayo peke yake. Doti hukatwa. Kipande chako, kipande cha mama, cha shoga, cha wifi unayempenda. Ndiyo maana inauzwa mbilimbili.

Kwa hiyo Somo alikuwa akisoma wanawake wawili na kuwafanya mmoja. Mmoja alikuwa ametulia, mwingine anaungua, na katikati yao palionekana salama.

Nyamizi akamtazama Kalekwa. "Kwa nini hukuomba yako?"

"Ningeomba, Somo angeniuliza habari za mimba ya kwanza." Sauti ya Kalekwa haikutetemeka. "Nilipata kifafa cha mimba, Mama. Kule Mpanda, kabla sijaolewa. Nilipozinduka wameshamtoa mtoto, wamempeleka Nyumba ya Vioo."

Hakuhitaji kuendelea. Kila mkunga aliijua Amri. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba mara moja, mimba yake inayofuata hukatizwa njiani, na mtoto humalizia kukua ndani ya tumbo la kioo, kwenye maji yenye joto, mama asije akafa. Wengi walitoka humo wazima, wananenepa na kukimbia. Nyamizi mwenyewe alikuwa ametia kidole cha kuthibitisha kwenye amri kadhaa, na hakujuta.

"Kioo kilikuwa kizima," Kalekwa akasema. "Mtoto ndiye aliyevunjika. Walinionyesha siku moja tu, kabla ya kumzika. Huyu nataka nimbebe mwenyewe mpaka mwisho. Nikifa nife, lakini asiniondokee huku nimelala."

"Usiseme kufa mbele ya mgonjwa!" Nyamizi akafoka. Kisha akashusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Wifi tu."

"Basi mimi ni shimo. Kimeingia, hakitoki. Sasa vua hicho kipande, mara moja."

Kalekwa akafungua fundo. Nyamizi akakifunga begani kwa Mashavu, akakaza. Vipande viwili, mwili mmoja, kama mafundi walivyotaka. Wote watatu wakalitazama lile jina.

Maneno yakafutika. Pindo likapauka, likawa jeupe pe.

"Mia na themanini na nne kwa mia na kumi na nane," Somo akasema, na sauti yake haikuwa na haraka wala pole. "Nimeita ndege ya wagonjwa. Mama Nyamizi, mweke ubavu wa kushoto, punguza mwanga, mtu asipige kelele."

"Nimeshamweka," Nyamizi akasema. Mikono ilishaanza kazi. Alifunga dirisha, akaweka kitambaa baridi kwenye paji la Mashavu, akamsogezea mto mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiwazia, na hasira yake hakujua aielekeze wapi. Kwa mafundi? Kwa mawifi waliopendana kupita kiasi? Mji mzima unalia mawifi hawapatani, na hawa wawili wamepatana mpaka wanataka kuuana.

"Mama Nyamizi," Somo akasema. "Vipimo vya leo havifanani na vya nyuma. Nimerudi nyuma, nimeona miili miwili. Daktari anauliza presha ya Mashavu ilipanda lini. Kama ni jana, atampa dawa na kumwacha mtoto akue. Kama ni muda mrefu, figo na ini havisubiri, mtoto atolewe leo. Siwezi kujibu mpaka niutenge mwili wa pili, na siwezi kuutenga bila kumbukumbu za mwenyewe. Mwili wa pili ni wa nani?"

Nje ya pazia, Sikudhani alikuwa akihesabia migongo.

Nyamizi alikuwa ameahidi, hata jasho la ahadi lilikuwa halijakauka. Akimtaja Kalekwa, Amri itamchukua. Asipomtaja, daktari atapapasa gizani, na Mashavu ndiye atakayelipa. Alijua njia ya sawa ni ipi kwa kila mmoja wao, ila hapakuwa na njia moja ya wote wawili. Akafanya jambo ambalo mwanamke mwenye mdomo hulifanya akibanwa.

"Ni mimi," akasema. "Nilikijaribu kipande kimoja. Kwa kutaka kujua."

"Mama Nyamizi," Somo akajibu, "una miaka hamsini na minane. Mwili wa pili una mimba ya miezi saba."

Mashavu, na kichwa chake kinachopasuka, na vimulimuli vyake, akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha maumivu, lakini kilimtoka kwa dhati. "Hongera, Mama," akanong'ona. "Tutakuletea uji."

Hapo ndipo Kalekwa aliposogea mbele, mkono mmoja juu ya tumbo lake.

"Ni mimi. Kalekwa Malale, wa Mpanda. Nilipata kifafa cha mimba nikiwa na mimba ya kwanza. Nitenge."

"Kalekwa!" Mashavu akajaribu kuinuka.

"Lala, wifi. Mficha uchi hazai. Na nusu ya nguo ulinipa wewe."

Haikuchukua muda. Somo alichambua nyuzi za wiki zote zile, huyu upande huu, yule upande ule, kama mtu anayetenga mchele na chuya. Kisha akasema presha ya Mashavu ilianza kupanda mwezi mzima nyuma, kila siku kidogo, na kila siku utulivu wa Kalekwa ukaifunika. Daktari amesikia. Mtoto atatolewa leo.

Ndege ikatua uwanjani, wanawake wa darasa wakaenda kando. Wauguzi wawili wakambeba Mashavu akiwa na doti yake nzima mwilini. Alipopita karibu na Kalekwa alimshika kidole, akakiachia.

*

Ndege ilipoondoka, Somo hakunyamaza.

"Mama Nyamizi, Kalekwa Malale anaangukia kwenye Amri. Ndege ya pili ipo tayari kumpeleka Nyumba ya Vioo. Weka kidole kuthibitisha."

Kibao kidogo cha kioo kikawaka ukutani. Amri ilihitaji kidole cha binadamu, mkunga au mnyooshaji aliyemwona mama kwa macho. Waliotunga sheria walikiweka kidole kile kama heshima tu, na hakuna aliyewahi kukinyima. Kalekwa alikuwa amesimama katikati ya mikeka, hana kanga tena, gauni tu, na hakuomba. Hilo ndilo lililomchoma Nyamizi. Angelia, ingekuwa rahisi.

"Somo," Nyamizi akasema. "Umemtenga. Sasa nisomee yeye peke yake."

"Presha yake ni ya kawaida. Imekuwa ya kawaida muda wote aliovaa kipande. Ilikuwa juu kidogo mwanzoni, ikashuka."

"Ilishushwa na nini?"

"Sina uhakika. Amenyoosha kila siku bila kukosa. Yapo mengine nisiyoyaona. Kunyoosha kunasaidia wengi, hakumlindi kila mtu. Amri haiangalii leo, inaangalia jana. Hatari ya kifafa kwake bado ni kubwa kuliko kwa wengine."

"Najua ni kubwa. Sikuambii haipo." Nyamizi akamgeukia Kalekwa, akamshika mabega yote mawili kama anavyowashika wanaokaa vibaya. "Nisikilize, mwanangu, maana hili sitalisema kwa utamu. Ukibaki, utalala hapahapa ukumbini, siyo kwa mumeo. Daktari atakuona kila siku, dawa atakayokupa utameza mbele yangu. Utavaa doti yako, vipande vyote viwili, na mtu akikuomba kimoja umtukane. Na siku itakayopanda, nitabonyeza kile kibao mwenyewe, hata ukinishika miguu. Kioo ni bora kuliko kaburi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mama."

"Unataka kubaki?"

"Nataka."

"Unataka ukijua?"

"Nikijua yote."

Nyamizi akarudi kwenye kibao, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha. "Kidole changu hukipati, Somo."

"Akipata kifafa, utaulizwa wewe."

"Ndiyo. Andika jina langu, na uliandike vizuri. Kasubi, si Kasumbi."

Kibao kikasubiri. Kikauliza mara ya pili, Nyamizi akatazama darini. Kikauliza mara ya tatu, kikazimika. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Nyamizi alijikuta yeye mwenyewe amebana pumzi. Akaiachia.

"Nyie nani kawaambia mpumzike?" akawageukia wanawake waliokuwa wameduwaa. "Ukutani! Viganja juu, kisigino chini! Na kila aliyegawa doti yake aniambie kabla sijamfuata mwenyewe."

Mikono ikainuka. Mmoja, wawili, watano. Sikudhani naye akauinua wake, polepole, akitazama chini.

"Mwe!" Nyamizi akasema. "Mtaniua nyie." Na akacheka mpaka akafuta macho, kisha akaanza kutuma watu mitaani, kwa mama, kwa shoga, kwa dada, vipande virudi kabla ya adhuhuri.

Kazi hiyo iliwachukua sehemu kubwa ya siku. Vipande vilikuja vimekunjwa, vingine vimeshabebea watoto, kimoja kinanuka samli. Kila mama alifunga viwili vyake, mapindo yakatazamwa, na shukrani kwa Mungu hakuna jingine lililogeuka jeupe. Kalekwa alikaa kwenye mkeka wa mbele, mahali pa Mashavu, akanyoosha alivyoelekezwa. Kila ndege ilipopita juu aliinua uso, kisha akarudi kwenye pumzi yake. Hakuna aliyetaja jina la wifi yake. Hakuna aliyefikiria kitu kingine.

Jua lilikuwa bado juu ya paa za soko Somo aliposema, ghafla, kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima:

"Mama Nyamizi, nina tatizo la kipimo."

Wote wakaganda, mikono ukutani.

"Sema," Nyamizi akasema.

"Mashavu yuko hospitali. Presha yake inashuka. Kipande cha kiunoni kinamsoma vizuri. Lakini kile cha begani kimevuliwa, kimefungwa kwenye mwili mwingine. Ni mwili mdogo sana. Una joto. Unapiga kelele. Doti hii imegawanywa tena. Mwili wa tatu ni wa nani?"

Kalekwa akaitoa mikono yake ukutani, akaziba mdomo, na kigelegele cha kwanza kikapenya katikati ya vidole vyake. Ukumbi mzima ukakipokea, ukapasuka kwa vigelegele mpaka wauza vitunguu wakaja kuchungulia.

Nyamizi aliwaacha wapige. Aliegemea ukuta, karibu na kile kibao kilichozimika, machozi yakimshuka na asiyafute.

"Huyo hana jina bado, Somo," akasema. "Mpe siku saba."